Chunusi za Kidevuni na Hesabu ya Hedhi

Msichana wa Amu, yaani Lamu, akianza kutokwa na chunusi, wapo watakaomwambia zitaisha akishaolewa. Anaolewa, anazaa, anapita miaka 30, na kidevu bado kinavimba vipele vigumu vinavyouma hata kuguswa. Hapo maneno hugeuka: hanawi vizuri, hajitunzi. Lawama hizo zinaumiza wanawake wengi bure. Chunusi za mtu mzima chanzo chake kikubwa kimo ndani ya mwili, na sabuni haifiki huko.

Kila kinyweleo cha uso kina tezi ya mafuta, na tezi hiyo huchochewa na androjeni, homoni zinazoitwa za kiume ingawa mwanamke naye huzitengeneza kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mafuta yakizidi na seli zilizokufa zikigandamana, tundu huziba. Bakteria waliokuwa wakiishi humo kwa amani hustawi, mwili hupambana nao, na kipele huvimba. Estrojeni hupunguza makali ya androjeni, lakini siku chache kabla ya hedhi hushuka, huku androjeni zikibaki karibu palepale. Ndiyo maana vipele hurudi kila mwezi, mara nyingi kidevuni na kwenye taya. Na mtu akipimwa damu, huenda homoni zake zikaonekana sawa kabisa: tezi zake tu ndizo nyepesi kuitikia.

Lipo jambo jingine ambalo wanawake hawaulizwi vya kutosha, nalo ni uzazi wa mpango. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa nchini Kenya karibu mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa hutumia sindano, na idadi inayokaribia hiyo hutumia kijiti. Njia hizi mbili zina projestini bila estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake huzidisha chunusi. Vidonge vyenye homoni zote mbili mara nyingi huzipunguza, ila havimfai kila mtu, hasa mwenye presha au aliyewahi kuganda damu. Kijiti kisitolewe kwa hasira ya vipele. Muulize muuguzi kwanza kuhusu njia nyingine, mimba isije ikaingia bila kupangwa.

Hedhi ikiruka miezi, nywele zikiota kidevuni na uzito ukipanda, huenda ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Huo unahitaji daktari, kwa kuwa unagusa uzazi na sukari pia.

Kinachonisikitisha zaidi ni krimu za kuchubua. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa kichinichini. Krimu zenye steroidi ndizo zinazohadaa zaidi: wiki za kwanza uso hung'aa, kisha ngozi hukonda na chunusi hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Singo ya kumsugulia bibi arusi nayo ibaki mwilini, maana kusugua uso wenye vipele huongeza uvimbe, na kwa ngozi yetu uvimbe mara nyingi huacha doa jeusi ambalo jua la pwani hulikoleza. Mafuta ya nazi yana kazi njema kwenye nywele. Usoni penye chunusi huziba matundu.

Dawa za kweli zipo. Benzoili peroksaidi au adapalini hupakwa kidogo kidogo kwa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa, kwa kuwa kipele huanza kujijenga chini ya ngozi wiki kadhaa kabla hakijaonekana. Ukienda hospitali ya King Fahd au ya Faza, chukua tarehe za hedhi zako za miezi mitatu na siku vipele vilipotokea. Taja pia kama una mimba au unaitafuta, kwani adapalini na vidonge vya spironolaktoni havifai kwa mjamzito, na vidonge vya isotretinoini vinaweza kumlemaza mtoto tumboni.