Nilijimwambafai Mtandaoni, Wana Wakanirudisha Masakta

Oya, kabla hamjaanza kucheka: ndiyo, ni mimi. Yule chalii wa Masakta aliyejiandika Wikipedia kwamba ni "nguli wa muziki wa kizazi kipya Kanda ya Kaskazini" ni mimi mwenyewe, na huyo nguli ana ngoma mbili, moja bado haijamiksiwa. Kijiwe chote cha bodaboda kinajua, bi mkubwa anajua, mpaka kinyozi anajua. Bora niitoe mwenyewe, maana nikiwaachia wana itatoka na chumvi.

Ilikuwa hivi. Jioni moja nimepaki boda, bando la wiki bado linapumua, nikasachi jina langu. Likaja jina la daktari wa nchi nyingine na tangazo la mbolea. Mimi hamna. Nikakumbuka mastaa wote ukiwasachi kuna kile kiboksi cha pembeni: picha, tarehe ya kuzaliwa, kazi. Nikajisemea, kumbe siri ya kutoboa ni kiboksi! Nilikuwa nimeuweka mkokoteni mbele ya ng'ombe, ila usiku ule nani angenishtua?

Akaunti ni bure, dakika mbili umeingia. Nikaanza kushusha. Mwanamuziki, mtunzi, produsa, mjasiriamali, mhamasishaji wa vijana. Ujasiriamali ni hii boda, tena ya mkataba. Uhamasishaji ni ile siku nilipopewa maiki dakika mbili kwenye mahafali ya darasa la saba ya mdogo wangu. Kwenye umri nikajipunguzia miaka miwili, staa hazeeki. Kwenye vyanzo nikaweka linki ya Facebook yangu na ya YouTube yangu. Mashahidi wawili, wote mimi.

Halafu nikairusha kwenye grupu la kijiwe. Kosa la karne.

Wana waliponishukia

Asubuhi naamka, umri umesharekebishwa. Mwana niliyesoma naye kaacha na maelezo kabisa: tumemaliza la saba mwaka mmoja, asitupige fiksi. Mwingine kaongeza kwamba msanii huyu anafahamika pia kwa kudaiwa chipsi mayai. Wa tatu kafungua sehemu nzima ya tuzo: bingwa wa bao, kijiwe cha chini.

Nikafuta. Wakarudisha. Nikafuta tena, wakarudisha na picha. Mchana ule sikupakia abiria hata mmoja, nilikuwa nalinda heshima kwa kidole gumba. Mwisho nikalipuka kwenye grupu: "Oya mnazingua, huo ukurasa ni wangu!" Mwana akajibu kiupole, na upole wake uliuma kuliko tusi: "Wako kivipi, mwanangu? Mbona pameandikwa Hariri?"

Hapo ndipo penye madini. Ukishabonyeza kuhifadhi, umekubali kwamba yeyote duniani anaweza kunakili maandishi yako, kuyabadili, hata kuyauza, mradi ataje yametoka wapi na anachotoa akiachie kwa masharti yaleyale. Humiliki ukurasa kwa sababu una jina lako, kama usivyomiliki barabara kwa sababu inapita mbele ya kwenu. Na ile historia ya ukurasa inatunza kila kitu: nani kaandika nini, saa ngapi, nani kafuta. Fiksi yangu ya miaka miwili ilikuwa pale na saa yake, kama risiti.

Siku ya pili kikabandikwa kibao: ukurasa umependekezwa kufutwa. Siku ya tatu haupo. Nilimaindi kinoma kama masaa mawili, halafu nikajikuta napumua. Chipsi mayai nazo zilikuwa zimeondoka.

Hata mwenye duka alinaswa

Nilivyotulia nikaanza kufuatilia, kwani hawa jamaa wa Wikipedia wana noma gani na mtu kujiandika? Nikakuta siko peke yangu kwenye hii aibu. Jimmy Wales, mmoja wa waliouanzisha huo mradi Januari 2001, mwaka 2005 alidakwa akiuhariri ukurasa wake mwenyewe. Alikuwa anapunguza sehemu zinazomtaja Larry Sanger kama mwanzilishi mwenza. Aliyemuumbua alisoma tu ile historia, ileile iliyoniumbua mimi. Wales akakiri kwamba watu hawapaswi kufanya vile, yeye akiwemo. Sasa kama mwenye duka kabanwa na mizani yake, mimi wa boda ya mkataba ni nani?

Kuna na mzee Philip Roth, mwandishi mkubwa wa Marekani. Mwaka 2012 aliona ukurasa unasema riwaya yake *The Human Stain* imetokana na maisha ya mtu fulani. Akasema hapana, ni mtu mwingine, tena mimi ndiye niliyeiandika! Akaambiwa neno lake peke yake halitoshi, alete chanzo kingine. Ikabidi aandike barua ndefu ya wazi kwenye jarida la *The New Yorker*, na barua hiyo ndiyo ikawa chanzo.

Unaweza kuona ni uonevu. Ila fikiria baraza la kata: mlalamikaji anaweza kuwa anasema kweli tupu, bado mwenyekiti atauliza, "Shahidi wako nani?" Ndiyo sheria nzima hiyo. Kitu kiwe kimeandikwa na mtu asiye wewe, asiye ndugu yako, asiyelipwa na wewe: gazeti, kitabu, utafiti. Wakikuta hivyo, ndipo wanasema una umaarufu wa kuandikiwa makala. Laiki hazihesabiwi. Wafuasi hawahesabiwi.

Na tusidanganyane, hiyo mizani nayo ina siku zake za kuzingua. Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, aliandikiwa rasimu na mtu mwingine mwaka 2018, ikakataliwa kwamba vyanzo havitoshi. Oktoba mwaka huohuo akachukua Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu katika historia. Wakabaki wanakimbizana kumwandikia. Kama yeye alirukwa, ujue na huku kwetu, ambako magazeti hayafiki kila siku, wapo wengi wanaostahili ambao hawana hata mstari mmoja. Hilo ni tatizo la kweli. Ila dawa yake ni kuandikana, siyo kila mtu ajiandike.

Ukiutaka sana, utapigwa

Sasa sikia hii, hasa nyie wasanii wachanga. Ukurasa wangu ulipopigwa chini, jamaa nisiyemjua akanitumia meseji: anaweza kuurudisha, nitume mkwanja kwanza, halafu kila mwezi nitume wa ulinzi. Nilikuwa nimeshafungua menyu ya kutuma hela, mwanangu. Kilichoniokoa ni salio.

Mchongo huo ni wa zamani. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga akaunti 381 za genge moja lililopewa jina la Orangemoody. Walikuwa wanawavizia watu na biashara ndogo ambazo rasimu zao zimekataliwa, wanajifanya ni watu wa ndani, wanaomba pesa kuziweka hewani, kisha wanaomba nyingine ili zisifutwe. Yaani unalipa kiingilio, halafu unalipa usitolewe nje. Kiu yako ya kuonekana ndiyo chambo.

Na ukifanikiwa kubaki humo bila watu wa kukuangalia, ni mlango usio na komeo. Mwandishi wa habari John Seigenthaler wa Marekani mwaka 2005 aliandikiwa uongo kwamba alihusishwa na mauaji ya John na Robert Kennedy. Ulikaa takriban miezi minne. Mimi nilizushiwa chipsi tu, tena sikuzushiwa.

Kwa hiyo rada ni hii. Kuna ukurasa wa mtumiaji: humo jitambulishe kwa mistari miwili mitatu, wewe nani na unahariri nini, hakuna atakayekugombeza. Kama siku moja utaandikiwa makala na ina kosa, nenda kwenye majadiliano ya makala hiyo, jitaje wewe ni nani, weka chanzo, waachie wengine warekebishe. Umelipwa kuandika? Sema umelipwa, tangu 2014 ni sharti la matumizi. Sifa zako peleka Insta, ndiko zinakouzwa.

Mzee wa kijiweni

Kuna babu mmoja huwa anakaa kijiweni akisubiri gari la Katesh. Wana wakamhadithia kesi yangu, naye akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Nikaiokota, nikampa, "Shikamoo babu, na wewe tena?" Akaitikia marahaba, akaniuliza kama namjua Gidamis.

Nilikuwa nalijua jina tu. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh hapohapo, 1978 aliibeba dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada. 1982 akarudi kwenye michezo hiyohiyo, safari hii Brisbane, Australia, akachukua dhahabu ya mita 10,000. Babu akataja na wa Mbulu, John Stephen Akhwari. Mexico 1968 alianguka, goti likateguka, wenzake kibao wakaacha mbio. Yeye akaingia uwanjani kiza kimeshashuka, mguu umefungwa bendeji, saa nzima na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wa mwisho kabisa.

"Gidamis alikuwa wa kwanza, huyu wa mwisho," babu akasema. "Wote wameandikwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikakosa jibu. Gari lake likaja, nikamsaidia kupanda.

Usiku nikasachi Masakta. Mistari michache tu: ni kata ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, na takwimu chache. Chini wamebandika kile kibao kwamba makala bado ni mbegu. Mimi nilijiandikia aya sita, kata iliyonilea haina hata aya moja iliyoshiba! Nikaanza kwa mzuka: njia zote nazijua kwa tairi, mvua ikinyesha wapi unashuka unasukuma, Mlima Hanang unavaa kofia ya mawingu saa ngapi. Nikafika kwenye chanzo, nikakwama. Chanzo ni mimi tena.

Nikavifuta vyote. Nikabakiza sentensi moja tu kuhusu Gidamis, yenye mwaka, mji, mbio na chanzo cha matokeo ambacho mtu yeyote anaweza kukikagua. Nikaipeleka kwenye makala ya wilaya, nikahifadhi, nikazima simu. Kwenye grupu sikurusha kitu.

Ila wana ni wana, walishajifunza kuangalia historia. Kesho yake mmoja akanifuata na boda yake, akazima injini, akanionesha simu. "Hii ni ya kwako?"

Nikajikoki kwa vita. Akaisoma mara mbili, akabonyeza chanzo, akasoma na chenyewe. Akairudisha simu mfukoni.

"Hii kausha," akasema, akapiga kiki akaondoka.