Mayotte si mlango wa Ulaya: hesabu ya safari kwa anayewaza kuondoka Kolwezi

KOLWEZI – Kila siku malori yaliyobeba shaba na kobalti hutoka Kolwezi. Yanapita Likasi na Lubumbashi, yanapanga mstari kwenye mpaka wa Kasumbalesa, yanavuka Zambia hadi Tunduma, kisha yanateremka kwenye bandari ya Dar es Salaam. Kutoka Lubumbashi peke yake, ni karibu kilometa 2,000.

Watu wa Lualaba wanaijua barabara hiyo kama njia ya mali. Lakini kwa miaka ya karibuni, pwani hiyohiyo ya Tanzania imekuwa pia njia ya Wakongo wanaotafuta kisiwa kimoja kidogo cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Kisiwa hicho ni Mayotte.

Wakongo wengi walioomba hifadhi huko wametoka mashariki mwa nchi, wakikimbia vita vya Kivu na Ituri. Lualaba haina vita hivyo. Hata hivyo, kijana wa Kolwezi ambaye kazi imemwishia anaweza naye kusikia habari za Mayotte na kujiuliza kama si huko atakakopata maisha. Kwa yeye na kwa familia itakayomchangia, hesabu ya safari hii inafaa kufanywa mpaka mwisho, maana nauli ni mwanzo tu.

Makuta yalipopungua migodini

Kwa muda mrefu Kolwezi imekuwa mji wa kufikia. Tangu Lualaba iwe jimbo mwaka wa 2015, Kolwezi ikiwa makao yake makuu, watu wametoka Kasai, Tanganyika, Haut-Katanga na hata Kivu kuja kutafuta kazi. Huko Kasulo, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za watu mwaka wa 2014, wakaaji walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao wenyewe.

Kisha bei ikaanguka. Mwaka wa 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000 kwenye soko la dunia. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 21,000. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili kuinua bei, kwanza kwa miezi minne, halafu ikaongeza muda. Kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 iliweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027.

Uamuzi huo una faida zake kwa nchi. Lakini mchimbaji wa mikono, yule anayeitwa krezeri, hana ghala la kuweka madini akingojea bei ipande. Anachimba leo ili watoto wale leo. Depo isiponunua, nyumbani sufuria haiendi motoni.

Na kazi yenyewe inaua. Juni 2019, watu wasiopungua 43 walikufa ardhi ilipoporomoka kwenye mgodi wa Kamoto. Tarehe 15 Novemba 2025, daraja lilivunjika kwenye mgodi wa Kalando, humuhumu Lualaba, na watu wasiopungua 32 wakapoteza maisha. Anayewaza kuondoka hawazi hivyo kwa sababu ya uvivu.

Kisiwa kinachouziwa watu ndoto

Mayotte iko kati ya Msumbiji na Madagaska. Ukubwa wake ni kilometa mraba 374, yaani inazidi kidogo kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Wenyeji wanaiita Maore. Wengi wao ni Waislamu, na lugha yao kubwa, Kishimaore, ni ndugu ya Kiswahili. Mkongo akisikiliza mazungumzo ya sokoni huko anaweza kutambua maneno mengi.

Ufaransa ilikichukua kisiwa hicho mwaka wa 1841. Komoro zilipopiga kura ya uhuru mwaka wa 1974, visiwa vingine vitatu vilichagua kujitegemea, Mayotte ikachagua kubaki na Ufaransa. Tangu tarehe 31 Machi 2011 ni jimbo kamili la Ufaransa, na tangu 2014 inahesabiwa ndani ya Umoja wa Ulaya.

Hapo ndipo ndoto inapoanzia. Mtu anaambiwa kwamba akigusa mchanga wa Mayotte ameshafika Ulaya. Anaambiwa pia kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, basi njia ni rahisi. Lakini Mayotte haimo katika jumuiya hiyo. Ni ardhi ya Ufaransa, na Mkongo anahitaji viza kuingia.

Kupata viza ni kazi ngumu kwa mtu asiye na mshahara wa kuonyesha. Kwa hiyo wengi huishia baharini.

Mashua yenye jina la dansi yetu

Kutoka kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa wanakiita Anjouan, hadi Mayotte ni karibu kilometa 70. Watu huvuka kwa mashua za uvuvi zilizojazwa kupita kiasi. Zinaitwa kwasa-kwasa. Jina hilo lilitoka Kongo: ni lile la dansi ambayo wanamuziki kama Kanda Bongo Man waliitangaza duniani katika miaka ya 1980. Mashua hizo zilipewa jina hilo kwa jinsi zinavyoyumba juu ya mawimbi.

Tangu 1995, Ufaransa ilipoanza kuwadai Wakomoro viza, njia hiyo imekuwa kaburi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka wa 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa humo tangu 1995. Mwanzoni mwa Novemba 2024, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilitangaza kwamba watu wasiopungua 25 walikufa kati ya Nzwani na Mayotte. Shirika hilo lilisema mashua ilipinduliwa kwa makusudi na wasafirishaji wenyewe.

Wengine huondoka moja kwa moja pwani ya Tanzania. Huko bahari ni ya mamia ya kilometa, na mashua ikiharibika katikati hakuna wa kuiona. Mtu wa Kolwezi aliyezoea mto Lualaba hana uzoefu wowote wa maji ya namna hiyo. Na aliyepokea pesa kwa njia ya magendo hatoi risiti.

Kila kitu kinakuja kwa meli

Tuseme mtu amefika salama. Hapo ndipo sehemu ya pili ya hesabu inapoanza, ile ambayo mara nyingi haisemwi.

Sehemu kubwa ya chakula na bidhaa za dukani huingia Mayotte kwa meli. Uchunguzi wa INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa, wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba chakula huko ni ghali kuliko Ufaransa ya Ulaya kwa asilimia 30. Lakini kima cha chini cha mshahara kiko chini ya kile cha Ufaransa ya Ulaya. Mwaka wa 2011 wakaaji waligoma kwa zaidi ya mwezi mmoja kwa sababu ya ughali wa maisha.

Kazi nazo ni chache. Mwaka wa 2023, INSEE ilihesabu asilimia 37 ya watu wanaotafuta kazi bila kuipata. Takwimu za 2018 zilionyesha kwamba wakaaji 77 kati ya 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa. Kwa sensa ya 2017, nyumba nne kati ya kumi zilikuwa za mabati. Hao wote tayari wanapanga foleni ya kibarua kabla ya mgeni kushuka kwenye mashua.

Maji pia ni tatizo. Katika ukame wa 2023, kuanzia Septemba, maji ya bomba yalitoka siku moja kati ya tatu. Kisha tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga kisiwa kwa upepo uliopita kilometa 220 kwa saa. Hesabu rasmi ilikuwa watu 40 waliokufa na 41 ambao hawakuonekana. Vitongoji vya mabati vilifagiliwa.

Karatasi isiyovuka bahari

Jambo linalowashangaza wengi ni la karatasi. Mayotte iko Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen. Kibali cha kukaa kinachotolewa huko, kwa kawaida, kinamruhusu mgeni kuishi Mayotte tu. Hawezi kukitumia kupanda ndege na kwenda kuishi Paris. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2025 imepanga kuondoa kizuizi hicho, lakini mwaka wa 2030. Kwa sasa, mtu anaweza kuwa na kibali halali mfukoni na bado akawa amefungiwa kisiwani.

Hata mtoto anayezaliwa huko hafungui mlango kirahisi. Sheria ya Mei 2025 imekaza masharti ya uraia: wazazi wote wawili wanatakiwa wawe walikuwa wakiishi Ufaransa kihalali angalau mwaka mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa.

Anayeomba ukimbizi anapeleka ombi lake OFPRA, ofisi ya Ufaransa inayoshughulikia wakimbizi. Likikataliwa, anaweza kukata rufaa kwenye mahakama ya wakimbizi, CNDA. Mtu aliyekimbia mauaji ya Ituri ana jambo la kueleza mbele ya ofisi hizo. Lakini umaskini, bei ya kobalti au ukosefu wa kazi si sababu za ukimbizi kisheria. Mtu wa Lualaba anayefundishwa njiani aseme alitoka Beni ataulizwa majina ya mitaa, masoko na viongozi wa huko. Uongo ukigunduliwa, ombi lote linaanguka.

Katika kungojea, msaada ni mdogo. Wanaoomba hifadhi Mayotte hawajapata posho kama wenzao wa Ufaransa ya Ulaya. Walipewa vocha za chakula za euro 30 kwa mwezi kwa mtu mzima. Kwa bei za kisiwa hicho, hizo haziwezi kumlisha mtu mwezi mzima.

Na wasio na karatasi hurudishwa. Ufaransa imekuwa ikiwafukuza kutoka Mayotte zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka, wengi wao Wakomoro.

Uwanja wa Cavani

Mwaka wa 2023, wakimbizi na waomba hifadhi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na nchi nyingine walijenga vibanda vya mahema na miti kuzunguka uwanja wa michezo wa Cavani, mjini Mamoudzou. Walifika mamia. Januari 2024, wakaaji wenye hasira waliweka vizuizi barabarani wakidai kambi hiyo iondolewe. Serikali ilianza kuibomoa mwishoni mwa mwezi huo na kumaliza Machi.

Zaidi ya watu 300, waliokuwa wamekwisha kutambuliwa kama wakimbizi, walipelekwa kwa ndege hadi Ufaransa ya Ulaya. Picha za ndege hiyo zilionekana mbali. Lakini waliopanda walikuwa na hati ya ukimbizi mkononi. Wengine wengi walibaki nyuma, wakitafuta mahali pengine pa kulala, na baadaye kambi nyingine ikaota Tsoundzou, kusini mwa Mamoudzou.

Kabla ya kuuza kiwanja

Chukua mfano wa familia moja ya mtaa wa Manika. Ina kiwanja chenye nyumba ya vyumba viwili, pikipiki moja ya kubeba abiria, na akiba kidogo kwenye simu. Mtoto wa kwanza anataka kuondoka. Baba na mama, wajomba na mashangazi wanaitwa kikao. Mara nyingi swali linaloulizwa ni moja: safari ni dola ngapi?

Kuna maswali mengine ambayo kikao hicho kinapaswa kuyajibu kabla kiwanja hakijapata mnunuzi. La kwanza: anakwenda kwa viza na pasipoti, au kwa mashua? Kama ni kwa mashua, familia ijue kwamba inalipia hatari ya kifo, na kwamba pesa hizo hazirudi hata asipofika.

La pili: ana sababu gani ya kuomba ukimbizi, iliyo ya kweli na inayoweza kuthibitishwa? La tatu: nani atamlisha kisiwani katika miezi ya kungojea? Mara nyingi jibu ni familia ileile ya Kolwezi, ambayo itatakiwa kutuma makuta wakati ilikuwa ikitegemea kutumiwa.

La nne linahusu wanaobaki. Pikipiki ikiuzwa, pesa ya karo za shule itatoka wapi? Na kama ombi lake litakataliwa na akarudishwa, atarudi kulala kwenye kiwanja cha nani?