Usiondoke na theluji juu ya paa: kwa vijana wetu walio kwenye baridi

Ilikuwa Januari, saa nane mchana, kaskazi imeshika na shati limenigandama mgongoni. Nimetoka tu kuswali adhuhuri, simu ikalia. Ni picha kutoka kwa mtoto wa ndugu yangu aliyeko jimbo la New Jersey, Marekani. Huko ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Kwenye picha sikuona gari, niliona kichuguu cheupe chenye umbo la gari. Chini yake ameandika: "Ami, shikamoo. Natakikana kazini baada ya nusu saa. Nikikwangua hapa mbele tu niione njia, si itatosha?"

Nikamjibu: "Marahaba, mwanangu. Haitoshi. Na usiwashe gari kwanza."

Nimeona niyaandike hapa yale niliyomweleza, kwa sababu siku hizi si ajabu kukuta nyumba ya Majengo, Kisauni au Malindi yenye kijana anayeendesha gari kwenye nchi za theluji. Wengine wanapeleka vifurushi, wengine ni madereva wa teksi, wengine wanakwenda chuo. Tunapowasafirisha tunahangaika na viza, tiketi na koti zito. La gari hatuliwazi, maana sisi wenyewe theluji tumeiona kwenye filamu.

Kosa langu mwenyewe

Nami niliishi huko miaka tisa, na baridi yangu ya kwanza nilifanya vile vile alivyotaka kufanya kijana wangu. Nilikwangua tundu la kadiri ya sahani kwenye kioo cha mbele, nikafuta vioo vya pembeni kwa mkono wa koti, nikaondoka. Juu ya paa niliacha theluji ya tangu juzi, imeshakuwa ngumu. Niliona hainihusu, kwani paa halina macho.

Nilipofika barabara kuu na kuongeza mwendo, nilisikia kitu kikinyanyuka juu ya kichwa changu. Kwenye kioo cha ndani nikaona kipande cha barafu, kipana kama sinia la pilau, kinaruka kwenda nyuma. Kiliangukia kioo cha mbele cha gari lililonifuata. Mama aliyekuwa akiendesha aliyumba, akafanikiwa kuegesha kando. Kioo chake kilipasuka kama utando wa buibui lakini hakikutoboka. Nyuma yake alikuwa amemfunga mtoto kwenye kiti chake. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Yule mama hakunitukana. Alinionyesha mtoto, kisha akanionyesha paa la gari langu. Basi.

Wengi hawafahamu jinsi kipande kile kinavyotokea. Ukiwasha hita, joto la ndani hupanda na kulipasha paa. Theluji iliyogusana na bati huyeyuka kidogo, ukizima gari yale maji yanaganda tena. Baada ya siku mbili tatu una bamba la barafu juu ya gari. Safari inayofuata, joto likipanda tena, bamba linaachia kwa chini. Ukienda kwa kasi upepo unalinyanyua, linamwendea aliye nyuma yako. Ukifunga breki ghafla linateleza mbele na kufunika kioo chako chote, nawe uko katikati ya barabara huoni kitu. Kwa hivyo theluji ya paani ni hatari kwako na kwa mwenzako.

Anza na bomba la moshi

Nilimwambia kijana wangu asiwashe gari kwanza, na sababu yake ni nzito kuliko zote. Theluji ikijaa, hasa ikisukumwa na upepo au na magari yanayosafisha barabara, huziba bomba la moshi, ile ekzosi ya nyuma. Ukiwasha injini, moshi unakosa pa kutokea na unapenya ndani ya gari. Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ni hewa ile ile inayoua watu huku kwetu wanapolala na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa.

Mwezi wa Januari 2016, dhoruba kubwa ya theluji ilipiga pwani ya mashariki ya Marekani. Katika mji wa Passaic, New Jersey, mama mmoja kijana aliingia na watoto wake wawili ndani ya gari lililowashwa ili wapate joto, huku baba yao akiondoa theluji nje, hatua chache tu kutoka walipo. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa. Mama na mtoto wake wa mwaka mmoja walifariki, na binti wa miaka mitatu akafariki siku chache baadaye. Baba alikuwa pale pale, akifanya kazi ya kuwasaidia.

Kwa hivyo utaratibu ni huu. Kabla ya funguo, nenda nyuma ya gari. Fukua theluji kuzunguka bomba la moshi mpaka uone ardhi. Hapo ndipo uwashe. Na hata ukishawasha, watoto wasubiri ndani ya nyumba mpaka gari liwe tayari. Wala usiliwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa.

Juu kwanza, chini baadaye

Vifaa ni viwili tu, na kila duka la huko linaviuza: fagio la theluji lenye mpini mrefu, na kikwangulio cha plastiki ngumu. Fagio ni la bati, kikwangulio ni cha vioo. Usivibadilishe, maana kikwangulio kitachuna rangi ya gari. Wala usitumie kisu au chuma kwenye kioo. Kadi ya benki nayo itavunjika mkononi mwako, nimeshajaribu.

Ukishawasha gari, elekeza hita kwenye kioo cha mbele na uwashe nyaya za joto za kioo cha nyuma. Wakati vinapata moto, wewe fanya kazi nje. Anza na paa, kwa sababu ukianza na vioo, theluji ya paani itakuja kuvifunika tena. Isukume ianguke ubavuni, wala usiivutie kwako. Kisha vioo vyote, na si cha mbele peke yake. Kisha boneti, kwani theluji iliyobaki hapo hupeperuka na kukupiga kiooni. Kisha buti. Malizia na taa zote, indiketa, vioo vya pembeni, namba za gari, na kamera au vihisio kama gari lako linavyo.

Taa zitazame vizuri. Balbu za zamani zilikuwa na joto la kuyeyusha theluji kidogo. Taa za LED za magari ya sasa mbele yake ni baridi, na theluji hukaa juu yake. Unaweza kudhani umewasha taa na wenzako wasikuone kabisa.

Barafu si theluji

Theluji hufagiliwa. Barafu imeshikana na kioo, na hapa ndipo watu wetu wanapofanya kosa la birika. Kijana anatoka nyumbani na maji ya moto, anamimina kwenye kioo. Kioo kilichoganda kikipigwa na joto la ghafla, upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine, kikapasuka. Hata kikisalimika, maji yale yatapoa na kuganda upya juu ya kioo na chini ya miguu yako.

Ngoja hita ilainishe barafu kwa ndani, kisha kwangua kwa nje kutoka ukingoni kwenda katikati. Kuna dawa za kupuliza zenye alkoholi, ambayo huganda kwa baridi kali zaidi kuliko maji, nazo husaidia. Waipa usiziguse mpaka ziwe zimeachia kabisa. Ukiziwasha zikiwa zimegandia kioo, mpira utachanika au mota yake itaungua. Ndiyo maana ukiegesha usiku, hakikisha umezizima kabla ya kuzima gari, na ukijua theluji inakuja, zinyanyue zisimame.

Sisi huku tunatia maji ya bomba kwenye tangi la kuoshea kioo. Huko yataganda na kupasua tangi. Yapo maji maalumu ya msimu wa baridi, mengine hayagandi hata kwenye baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri. Mengi yana methanoli, ambayo ni sumu, basi yawekwe mbali na watoto.

Kuna jambo moja lililonishangaza mwanzoni. Vioo vikiingia ukungu kwa ndani, washa AC pamoja na hita. Mtu wa Mombasa atacheka: AC kwenye baridi? Lakini AC haipoozi tu, pia inakausha unyevu wa hewa, na ukungu ni unyevu. Ni hila ile ile inayofaa huku kwetu wakati wa masika, mvua ikinyesha na vioo vyote vikafifia. Hakikisha tu hewa inaingia kutoka nje, isiwe inazunguka humo humo ndani.

Sheria haisubiri ajali

Huko New Jersey, dereva anayeondoka bila kusafisha gari anaweza kutozwa dola 25 hadi 75, hata kama hakuna kilichoanguka. Barafu ikiruka na kumuumiza mtu au kuharibu mali, faini ni dola 200 hadi 1,000 kwa gari la kawaida, na dola 500 hadi 1,500 kwa gari la biashara. Pennsylvania, jimbo la jirani, tangu 2022 inamtaka dereva ajitahidi kuondoa theluji na barafu kwenye gari lake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Uingereza nako, mwongozo wa barabarani unasema vioo vyote viwe safi, taa na namba zionekane, na theluji inayoweza kuangukia wengine iondolewe.

Tundu la sahani, basi, halikubaliki kokote huko. Ukisimamishwa na polisi usiseme "mimi mgeni." Nimeshaona wakijaribu.

Dakika 20

Yote haya yanachukua kama dakika 20 kwenye theluji ya kawaida. Ugumu wake si kazi, ni kuamka. Kijana amefanya zamu ya usiku, amelala saa nne, bosi anamsubiri, vidole vimekufa ganzi. Hapo ndipo tundu la sahani linapoonekana kutosha. Mimi siwalaumu, nilikuwa mmoja wao. Lakini nawaomba waifanye hesabu usiku: ukiona utabiri wa theluji, vuta kengele ya simu nyuma kwa dakika 20, na fagio lilale ndani ya nyumba, si kwenye buti ambalo asubuhi halitafunguka kwa barafu.

Na nyinyi wazazi mlioko huku, mkimpigia mwana mkamwuliza "umekula?", ongezeni swali moja: "gari umelisafisha, hata juu?" Atashangaa mmejulia wapi. Na ashangae.

Kijana wangu siku ile alichelewa kazini kwa robo saa, akakatwa mshahara wake wa hiyo robo saa. Aliniletea picha ya pili: gari jeusi limesimama limenawa, theluji imelala kando yake kama mchanga ulioteremshwa na lori. Hadi siku ile nilikuwa nadhani gari lake ni jeupe.