Umeme wa Viumbe na Mipaka ya Sayansi

Ukishuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi Kasanga, unakuta ziwa lenye kambare asiyeshikwa ovyo. Kambare wa umeme wa Ziwa Tanganyika hupiga shoti, na katika jamii yake wapo wanaofikisha volti 300, za kuduwaza windo na kumfukuza adui. Kwa hiyo anayekana kwamba viumbe hai vina uga wa umeme amekosea. Hata sisi tunao. Mashine ya ECG hunasa umeme wa moyo, takriban milivolti moja juu ya ngozi; usumaku wa moyo huohuo, uliopimwa mara ya kwanza mwaka 1963, ni hafifu mara milioni hivi kuliko ule wa dunia.

Sumbawanga, mji uliovumishiwa radi za kutumwa hadi mbali na Rukwa, mengi zaidi hudaiwa kuhusu nguvu za mwili: kwamba mtu aweza kumpelekea jirani radi, au kuponya kwa kupitisha mikono bila kugusa. Milivolti moja haizai radi ya mamilioni ya volti. Nalisema hili kwa uzito, maana nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Watetezi wa nguvu hizo za mwili wana hoja inayostahili jibu: sayansi nayo huchelewa. Ni kweli. Mpaka mwaka 1951, Hans Lissmann wa Cambridge alipochapisha vipimo vyake, haikujulikana kwamba samaki mmoja wa Afrika hutoa umeme hafifu mfululizo. Lakini Lissmann alitumbukiza waya majini, akapima, na wengine wakarudia. Mwaka 1998 nchini Marekani yalichapishwa majaribio ya msichana Emily Rosa: waponyaji 21 wa kupitisha mikono bila kugusa, mikono yao ikiwa nyuma ya kizuizi, walitakiwa kutambua mkono wake uko juu ya upi kati ya mikono yao. Walipatia asilimia 44, chini ya bahati nasibu. Jaribio moja halifungi mjadala, lakini mzigo wa ushahidi unabaki kwa mdai.

Mipaka ya kweli ipo. Emil du Bois-Reymond alipima mkondo wa umeme kwenye jeraha katika karne ya 19, na hadi leo watafiti wanachunguza jinsi seli zinavyoufuata ili kuliziba. Swali hilo limebaki wazi huku vipimo vikiendelea, na mganga anayedai nguvu za mikono naye akubali kupimwa nyuma ya pazia.