Vinara wa Gari la Moshi: Unguja Nayo Imo

Unguja ya leo haina treni, lakini ukitaja vinara wa gari la moshi, huna budi kuanzia hapa hapa.

La kwanza Afrika Mashariki. Mwaka 1879 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijenga reli kutoka Mji Mkongwe hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na baghala. Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha mvuke kwa kampuni ya Bagnall ya Uingereza. Mombasa ilikuja kuanza kutandika reli yake mwaka 1896. Barghash alipofariki 1888, reli yake iling'olewa na kichwa kikaishia kwenye chuma chakavu.

Lililopita karibu kabisa na milango ya watu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilianza safari za Bububu, maili 7 kutoka Ngome Kongwe. Treni ilipenya mitaani, maduka huku na huku, kabla ya kutoka kwenda shamba. Miaka ya 1920 magari yaliipokonya abiria, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari.

La mvuke lenye kasi zaidi duniani. Mallard la Uingereza lilifika kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938. Hakuna treni ya mvuke iliyolivua taji hilo.

La mvuke kubwa zaidi linalotembea. Big Boy 4014 la Marekani lilifufuliwa mwaka 2019. Pamoja na behewa lake la mafuta na maji lina urefu wa mita 40, na likipita kwenye njia kuu, watu hujipanga kando ya reli kulipiga picha.

Jitu la reli ya upana wa mita moja. Hili ni letu Afrika Mashariki. Treni za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zilikuwa 34, kila moja tani 252. Boila huning'inia katikati ya mitambo miwili yenye magurudumu 28, hivyo kwenye kona mwili mzima hujipinda. Mwenye nguvu mpishe: ndizo zilizovuta mizigo ya Mombasa hadi Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima. Iliyoitwa Kilimanjaro ilikatwakatwa. Zilizosalia ni mbili tu, Gelai na Shengena, zote milima ya Tanzania, na zote ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi.