Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walipolitoa neno hilo walikuwa wakiwausia wafanyabiashara. Leo twalielekeza kwa wenye dhamana ya maktaba zetu, Bara na Visiwani. Kitabu kilichoandikwa vibaya katika orodha ni sawa na kitabu kilichopotea, hata kama kimehifadhiwa salama. Katika maktaba za kidijitali hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa msomaji hapiti mbele ya rafu akakiona kitabu kwa bahati. Mlango wake ni orodha peke yake.

Twalisema hili kwa sababu kazi ya kusahihisha orodha hizo sasa yaweza kukabidhiwa akili mnemba. Mhudumu huiandikia mashine agizo kwa maneno ya kawaida, nayo huingia katika kumbukumbu na kubadili jina la mwandishi, mwaka, lugha au mada ya mamia ya vitabu, katika muda ambao mtu angemaliza kadi chache tu. Hatuna ugomvi na chombo hicho. Kazi ya orodha ni ndefu, na mikono ya kuifanya ni michache. Tunachosisitiza ni kwamba kalamu hiyo isiachwe iandike bila msimamizi.

Tuanze na waandishi wetu wa Visiwani. Desturi ya Ulaya, ambayo ndiyo msingi wa orodha nyingi, hutanguliza jina la mwisho kwa kudhani kuwa ni la ukoo. Kwetu sisi jina la pili kwa kawaida ni la baba, na la tatu ni la babu. Kwa hiyo Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980), huwekwa pamoja chini ya jina Mohamed kana kwamba ni watu wa nyumba moja. Mashine iliyoagizwa kuunganisha majina yanayofanana yaweza kuwafanya mtu mmoja. Kinyume chake, mwandishi wa Kuli (1979) hutajwa mahali pengine kuwa Shafi Adam Shafi, na pengine Adam Shafi. Huyo ni mtu mmoja, na mashine yaweza kumgawa wawili. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa nani ni nani. Mashine hukisia kutokana na yale iliyoyasoma, na makisio yake huyaandika kwa uhakika ule ule inaouandikia ukweli.

Jambo hili si la Visiwani peke yake. Tuvuke bahari hadi Misima, wilayani Handeni, mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua. Mwanafunzi wa huko akitaka kusoma habari za wazee wake, ataandika neno "Wazigua". Huenda akapata Habari za Wazigua cha Anthony Mochiwa, kilichotolewa mwaka 1954. Lakini Hati ya Ulinzi ya Kaisari wa Ujerumani ya Februari 1885 iliiita nchi hiyo Useguha. Orodha za Kiingereza huandika Zigula. Na lugha ya Wazigua waliopelekwa utumwani Somalia katika karne ya 19, ambao baadhi ya vizazi vyao walirejea Handeni baada ya vita vilivyozuka huko mwaka 1991, hutajwa kwa jina la Mushunguli. Watu wa asili moja wametawanywa katika majina manne. Hapa chombo hiki chaweza kutufaa sana, kwa kuyafunga majina hayo pamoja ili atafutaye kwa moja afikishwe kwa yote.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mkono wa mashine haufai kugusa. Mwaka 1903 kilichapishwa nchini Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ni rahisi mashine kuliona neno "Wasuaheli" kuwa ni kosa na kuliandika "Waswahili". Ikifanya hivyo, msomaji hatakipata tena kitabu kwa jina lililo juu ya jalada lake, na ushahidi wa maandishi ya zama zile utakuwa umefutwa. Lakini kitabu hicho hicho kilitolewa kwa jina la Carl Velten, ilhali sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kumwandika Mtoro mahali pake katika orodha ni haki. Kubadili jina la kitabu ni uharibifu. Kuyatenganisha mambo hayo mawili kwahitaji mtu anayekijua kitabu na historia yake.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mashine ipendekeze tu, na mhudumu mwenye ujuzi ndiye aidhinishe. Maandishi ya zamani yahifadhiwe, pamoja na tarehe na jina la aliyeruhusu mabadiliko. Pili, pale ambapo mwaka au mchapishaji hakuonekana katika kitabu, nafasi ibaki wazi, isijazwe kwa kukisia. Tatu, wakuu wa maktaba za pande zote mbili za Muungano, wakishirikiana na BAKITA na BAKIZA, wakubaliane juu ya orodha moja ya majina ya waandishi, makabila na lugha zetu, nayo iwe ndiyo mwongozo wa kila mashine itakayotumika.

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayeona jina la mwandishi amjuaye limekosewa, na alipeleke kwa wahusika bila kuchelewa. Kosa la kadi moja hurekebishwa kwa kalamu moja. Kosa lililoenezwa na mashine katika maktaba nyingi huweza kuchukua miaka kulifuta, na kwa miaka hiyo yote mwanafunzi wa Misima na mwenzake wa Pemba wataambiwa kwamba kitabu wanachokitafuta hakipo.