KKK: Mtoto wako anasoma, au amekariri?

Hapa Tanzania kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili ni KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala wa mwaka 2015 ulizipa stadi hizi uzito kuliko masomo mengine.

Kusoma huanza na sauti za herufi. Sauti ya m na ya a hufanya silabi ma. Ma mbili hufanya neno mama.

Lakini wapo watoto wanaokariri. Anamaliza ukurasa mzima bila hata kutazama kitabu, mzazi unafurahi, kumbe hajui kusoma.

Mpime hivi: mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa alisome. Kisha mwandikie neno ambalo halimo kitabuni, kama "kibatari". Kama wewe hujui kusoma, mwombe kaka au dada yake akusaidie.

Akikwama, usimchape. Nenda ukaongee na mwalimu wake mapema, kwa sababu kuanzia darasa la tatu anasoma ili aelewe masomo mengine. Hata swali la hesabu lina maneno ya kusoma.